Nimelificha Komeo la Bunduki ya Baba

Mama Verla mpendwa,

Nisaidie kwenye safu yako ya gazeti kabla mwezi haujaisha, maana nimejitia kitanzi mwenyewe.

Nimezaliwa na kuolewa hapahapa Kanada, kusini mwa Saskatchewan, na wewe unajua theluji ikishayeyuka kwetu kinachofuata ni nini, kindi wa mashimoni wanatoka kwa mamia, wanamaliza majani ya ng'ombe, farasi anatumbukiza mguu shimoni anavunjika, na kila mwenye shamba anatoa bunduki yake ndogo. Kwetu ilikuwa kama sikukuu. Baba yangu Arvid alinifundisha nikiwa mtoto, tunalala kifudifudi kwenye nyasi mpaka tumbo linalowa, chupa ya kahawa katikati yetu, anapiga mluzi mmoja tu na kindi wanasimama wima kwenye milango yao watazame nani anawaita, halafu ananinong'oneza, "Usivute, bonyeza polepole, hana haraka huyo." Harufu ile ya matope na baruti naitamani mpaka leo.

Na walikuwapo bundi, wale wadogo wa miguu mirefu wanaohamia mashimo ya kindi na kusimama mlangoni mchana kweupe, kimo kilekile cha kindi. Baba alichomeka kijiti chenye kitambaa chekundu karibu na kila shimo lao akanionya, "Hawa ni wapangaji wangu. Ukimgusa mmoja, chakula cha usiku utakula na mbwa."

Mwezi uliopita tulikwenda tena, sasa ni mzee wa miaka themanini na ushee, macho yana ukungu lakini mdomo haukubali, akapiga mluzi, akalenga, nami nikaona kitambaa chekundu na bundi kando yake. Nikausukuma mtutu, risasi ikaingia ardhini. "Wewe vipi! Umenikosesha kindi mnene kama mchungaji wetu!" Nikacheka, nikasema nimeteleza. Ningemwambiaje? Jioni nikalichomoa komeo la bunduki, kile chuma cha nyuma ambacho bila hicho bunduki ni fimbo tu, nikalificha kwenye debe la unga nyumbani kwangu.

Nilidhani atanung'unika kidogo yaishe. Kumbe amepekua nyumba nzima mpaka ndani ya jiko. Mama yetu alikufa akiwa amesahau majina yetu, na ugonjwa wake ulianza kwa kupoteza vitu. Juzi nimemkuta Baba ameketi kitandani, droo zote zimemwagwa sakafuni, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Lenora, mama yako alianza hivihivi, siyo?" Nikanyamaza. Akanipa funguo za pikapu yake, na mwisho wa mwezi anataka nimpeleke mjini akajiandikishe kwenye nyumba ya wazee. Nikisema ukweli atanichukia, nisiposema angalau bunduki haitamdhuru mtu. Nifanyeje?

Lenora

—

Lenora (majina nimeyabadilisha yote, usihofu),

Umeniliza kwa ule mluzi, maana nasi tuliwinda kindi utotoni, kaka zangu waligombania nani abebe kopo la risasi na mimi nikawa nalibeba wakiwa bado wanapigana. Halafu nikaendelea kusoma, nikatamani kukuzaba kibao.

Kumnyang'anya bunduki mtu asiyeona vizuri ni sawa kabisa, na ule mtutu uliusukuma kwa wakati. Lakini hukumnyang'anya bunduki. Umemnyang'anya akili zake, ukamwacha azitafute kwenye droo na wewe umesimama mlangoni unamtazama. Alipokuuliza habari ya mama yako ukanyamaza! Moyo wako umeutengeneza na nini, dada?

Eti ungemwambiaje. Kwa mdomo, kama yeye alivyokuambia utakula na mbwa. Mtu aliyewalinda wale bundi maisha yake yote ndiye atakayeshukuru kuliko wote kwamba mkono wako ulikuwa mwepesi. Mwambie alimlenga bundi, na usilipunguze. Litamuuma, naam. Kisha mpeleke kwa daktari wa macho, kwani ukungu wa uzeeni mara nyingi unaondolewa. Ikishindikana, bunduki ushike wewe na mluzi apige yeye. Hilo halihitaji macho. Nyumba ya wazee aende siku atakayotaka mwenyewe, si kwa sababu ya uongo wako.

Usingoje mwisho wa mwezi. Weka gazeti chini, fukua huo unga, nenda na komeo mkononi bila hata kulipangusa, na kabla hajafungua kinywa mwambie, "Baba, nililichukua mimi. Hukusahau kitu." Atakutukana. Pengine atakufukuza. Wewe kaa hapohapo umsikilize mpaka amalize, maana usiku huo atalala akijua kichwa chake bado ni chake.