Chokaa Juu ya Mistari ya Zarzur

Baba Salim,

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hivyo ukiona herufi zimelala kama watu walioshiba pilau, stahamili. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, na ulikuwa mwalimu mbaya, huna subira. Ningelimwambia Raya aniandikie, mjukuu wako ana mwandiko mzuri, lakini barua hii haimfai Raya. Yeye ndiye niliyemdanganya.

Kaa kitako nikueleze.

Wiki iliyopita kaja kutoka chuo kikuu, hata buibui hajavua. "Bibi, mwalimu wetu anataka kujua wale ndege zarzur waliingia Maskati miaka gani, maana baridi nyingine huja kujaza mji na nyingine haonekani hata mmoja. Hakuna aliyeandika. Nimemwambia babu yangu kila baridi waliyokuja kachora mstari ukutani, kwa makaa!" Kajitapa darasani kwa jina lako, mtoto yule. Akapanda darini mbio. Mimi nimebaki jikoni na mwiko mkononi. Akashuka pole pole.

"Bibi, mbona ukuta mweupe?"

Nikamjibu, "Kimbunga kile, mwanangu. Mvua imefuta."

Mimi! Mimi niliyempiga Salim kibao kwa kusema kasali alasiri na hakusali. Mvua gani inayopaka chokaa? Mama yake Raya, mke wa Salim, alikuwa anakatakata vitunguu, akanitazama, akainamisha kichwa. Anajua. Kanisitiri, na hilo limeniuma zaidi kuliko lau angelisema.

Sasa nisikilize, maana ulipokuwa hai kunisikiliza hukuweza. Ukuta ule nimeufuta mimi.

Ulikufa baridi ndiyo kwanza inaingia. Hata matanga hayajesha, wakaja zarzur wako. Baridi ngapi umepanda kila alfajiri ukashuka mikono mitupu, na mimi nakucheka, "Vipi, leo wamekuletea salamu?" Wakaja wewe hupo. Nimo chumbani, nna eda, nimevaa nyeupe, nawasikia juu ya tangi la maji wanapiga kelele kama wanawake wa harusini. Mke wa Salim akanambia, "Mama, panda ukawaone, darini si ndani ya nyumba yako?" Nikamwambia kuna wanaume wanajenga jengo la mbele, wataniona. Kweli walikuwepo. Lakini hata wasingelikuwepo nisingelipanda. Ningelipanda ningelipiga yowe, na mimi sipigi yowe mbele ya mkwe.

Hakuna aliyewachorea mstari. Wakala kunazi za jirani mpaka wakazimaliza, wakenda zao.

Siku nilipotoka eda nikaoga, nikavaa nguo ya rangi, nikaita fundi. "Paka kuanzia chumba cha marehemu mpaka darini, nisione doa." Muungwana yule fundi akaniita juu. Kasimama na brashi mbele ya mistari yako minne, ile uliyochora kwa makaa ya chetezo changu, kila mmoja na kijibawa chake. "Mama, na hii pia?"

Nikamwambia, "Futa."

Nyumbani wanadhani bibi mzee alisahau mistari ile ilikuwa ya nini. Sikusahau. Niliitazama vizuri, mmoja mmoja, na hasira ikanipanda. Ndege umewangoja miaka na miaka. Mimi hukuningoja hata nimalize kukuchemshia chai.

Ndiyo hivyo.

Sasa Raya kaja na kalamu. "Basi kumbuka, Bibi." Nikadhani sitokumbuka kitu, maana mimi sikuwa mtu wa ndege. Kumbe nakumbuka kila nilipokuteta.

Mstari wa kwanza ni baridi ya harusi ya Nasra wetu. Umerudi kutoka bandarini na ovaroli lako limejaa girisi, unapanda ngazi unapiga kelele, "Wanakuja, Mama Salim! Nimewaona kutoka juu ya winchi, wanapita juu ya meli, hawaishi!" Nikakuuliza, "Nani, wakwe?" Foronya za bibi harusi nimezianika nyeupe pepe, nikazikuta zina madoa tupu. Nikapiga sufuria kwa mwiko. Wakaruka wote pamoja, wakajikunja, wakajikunjua, kama kanga iliyopokonywa na upepo, kisha wakarudi palepale. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. "Waache. Mabaharia wanasema Uajemi kuna theluji. Wangekuwa na chakula kwao wangekuja kwako?"

Mwengine ni baridi aliyong'oka Raya meno ya mbele. Alilirusha jino juu, halikuonekana tena, akalia kuwa zarzur kalila. Ukamwambia wanalipeleka Uajemi na watamletea jipya. Nikakuteta, "Usimfundishe mtoto uongo!" Leo nani mwongo, Baba Salim?

Na mwengine ni ule mwaka uliostaafu. Huna winchi tena, umekaa nyumbani, unanizungukazunguka. "Wenzio wanahesabu tasbihi, wewe unahesabu ndege!" Ukashika ngazi. Ulikuwa umeshawasikia.

"Na wa nne, Bibi?" Nikakwama.

Siku tatu nimekwama. Jana naanua nguo, kamba mkononi, ndipo uliponijia mwaka ule niliokwenda Unguja kumuuguza mama. Nimerudi, hata begi sijaliweka chini, naona kanzu zako kwenye kamba zina madoa. "Mwanamme mzima, hata kufua hujui!" Ukazishusha, ukenda kuzifua tena. Mimi nikaona nimekushinda. Sikuuliza madoa yale ya nini. Yamkini uliniwekea khabari ya kuja kwao mwezi mzima, na mimi nimeingia mlangoni nikakuziba mdomo.

Nadhani ndio huo. Nadhani tu. Wa kunambia hayupo.

Bandari yako siku hizi yaingia meli za watalii, wazungu wamevaa kofia wanapiga picha milango ya mtaa wa Matrah. Mkunazi wa jirani umekatwa, pale sasa pa kuwekea magari. Baridi mbili zimepita tangu ile ya eda yangu, hajaja hata ndege mmoja. Najua wao hawana miadi na mtu, ulinambia mwenyewe. Lakini napanda alfajiri kutazama, mimi, na magoti haya, na nashuka na wasiwasi kama ni mimi niliyewafukuza. Mwezi ujao Salim anatuhamishia Hail, nje ya mji, na nyumba hii ya Darsait wenye nyumba watakuja kuibomoa.

Leo nimepanda na kaa la chetezo. Mistari mitatu nimeichora kwa mkono mzima. Wa nne nimeuchora mwembamba, kwa kuwa sina hakika. Wa tano, ule wa eda yangu, umenishinda. Nimeufikisha nusu, mkono ukakataa.

Ijumaa Raya anakuja kula. Nitampandisha juu na nitamwambia, mbele ya ukuta: si mvua, ni bibi yako. Amwambie mwalimu wake vilevile, kuwa mitatu ni kweli, mmoja ni wa kudhani, na mmoja bibi kausikia na masikio yake na hakuuona. Kisha anishike mkono tuumalize ule wa tano. Nakuahidi. Na huko Hail mke wa Salim kapaka kuta rangi ya maziwa, hataki hata mtoto aziguse. Wakija tu zarzur, nitamchorea mstari ukutani kwake.

Mungu akupe pahala pa wasaa, penye kivuli. Mimi nimekuteta umri mzima, Baba Salim. Hili la chokaa nitete wewe. Sitajibu.

Mama Salim