Dada Yangu ni Simu Iliyozimwa Kwenye Droo

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia huku begi liko wazi kitandani na sijatia kitu zaidi ya viatu. Nisaidie kabla sijafunga zipu.

Mimi ni fundi wa majokofu ya chanjo. Kliniki ikiwa na jokofu lisilopoa naitwa mimi, nabadilisha kompresa au mpira wa mlango, nasubiri baridi irudi, nakwenda kliniki nyingine, na kwa kuwa majokofu ya mjini yana mafundi wengi, mimi hupelekwa nchi ya jirani, kule ambako watu wanapigana na umeme hauna ratiba. Mtoto sina, mume tuliachana zamani bila kelele, nyumba yangu ni chumba na sebule, na nikirudi safari hufungua dirisha kwanza kwa sababu hewa ya ndani huwa ni ile ile niliyoiacha.

Shirika letu lina sharti kwamba kila anayesafiri awe na mtu wake nyumbani anayejua anakokwenda, analala wapi na anarudi lini, na kila jioni umtumie mtu huyo ujumbe kwamba umefika salama, akiukosa apige simu ofisini. Bwana wa usalama, ambaye tunamwita Bwana Tahadhari kwa sababu hata chai huinusa kabla ya kuinywa, aliniuliza mtu wangu ni nani, nikasema dada, nikampa namba, na mshauri, namba hiyo ni yangu mwenyewe, laini yangu ya zamani, simu yenyewe iko kwenye droo karibu na kitanda, imezimwa. Wenzangu walikuwa wamejipanga nyuma yangu wanasikiliza, nikashindwa kusema mbele yao kwamba sina mtu.

Basi kila jioni nikawa natuma, nimefika salama, nimelala nyumba ya wageni ya kliniki, mlango una komeo zuri, na nikirudi nyumbani naiwasha ile simu, jumbe zangu zinaingia moja baada ya nyingine, tii, tii, tii, nazisoma zote, kisha naizima. Unaweza kucheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nacheka.

Dada ninaye, wa tumbo moja, mkubwa wangu, lakini hatusemezani tangu mama alipofariki. Yeye ndiye aliyemuuguza, akamwogesha, akamlisha, mimi nikiwa huko huko kwenye majokofu, na nilipofika udongo wa kaburi ulishakauka. Alinitazama nimesimama mlangoni na mzigo wangu akasema, “Wewe nyumba yako ni begi. Nenda kalale ndani yake.” Nikageuka nikaondoka, na hakuna aliyeniita.

Sasa safari iliyopita tulikuwa tunarudi kutoka kliniki ya mbali, mimi na dereva, tukakuta barabara ya darajani imefungwa na watu wenye silaha. Dereva hakubishana wala hakupiga honi, alirudi nyuma polepole mpaka tukaingia kwenye ua wa shule iliyokuwa imefungwa, mtandao ukakatika, tukakaa. Huyo dereva ni mtu wa maneno, hawezi kunyamaza hata akiogopa.

“Fundi, kwenu wanajua ulipo?”

“Wanajua.”

“Nani?”

“Dada.”

“Mkali?”

“Sana.”

“Basi tuko salama. Mama watoto nilimwambia tutafika kabla ya jua kuzama, saa hizi ananitukana mimi na ukoo wangu wote. Na dada yako naye anakutukana. Gari linalotukanwa na wanawake wawili halipotei.”

Nilicheka naye, kisha nikageuzia uso dirishani. Nilijua anayetukana ni mmoja tu.

Ndivyo ilivyokuwa. Mke wa dereva alipokosa ujumbe alipiga ofisini, akaambiwa asubiri, akapiga tena, akawaambia wasipofanya kitu atakuja na watoto wake walale pale mapokezi, mpaka Bwana Tahadhari akawatafuta wazee wa upande ule wakatuombea njia, na kesho yake tukatolewa. Tuliporudi Bwana Tahadhari aliniambia, “Dada yako tumempigia mpaka vidole vimeota sugu, simu imezimwa. Mwambie mtu akipewa dhamana hii hazimi simu.” Nikasema nitamwambia.

Nilipofika nyumbani niliwasha simu ya droo. Jumbe zangu za mwanzo wa safari zikaingia, kisha pengo, na mahali pa lile pengo palikuwa na ujumbe mmoja wa dada, ambaye bado anayo namba hiyo ya zamani: “Uko hai?” Basi, hakuna salamu, hakuna jina. Nadhani alisikia redioni habari za lile daraja. Sikujibu. Niliona ananikejeli, na tena nilikuwa nimesharudi, ningejibu nini.

Jumanne narudi kule kule, ng'ambo ya daraja lile lile, na Bwana Tahadhari amebadilisha utaratibu, anasema Jumatatu atampigia kila mtu wa nyumbani azungumze naye kwa sauti, amweleze la kufanya akikosa ujumbe. Nimewaza kumwomba mwanamke anayeniuzia vocha ajifanye dada yangu, lakini hata jina langu halijui. Kukataa safari siwezi, kuna majokofu yamezimika na fundi mwingine hayupo. Ndipo nikakukumbuka wewe ninayekusoma kila wiki, maneno yako ni ya mtu mzima. Je, naweza kumpa namba yako? Sitakusumbua, ni neno moja tu kila jioni, hata usipojibu si kitu.

Namba yangu nimeiandika hapa chini.

Fundi wa Majokofu

*

Fundi,

Barua yako ilinifikia Alhamisi na gazeti linatoka Jumamosi, kwa hiyo sikungoja zamu yake. Nilipiga namba uliyoandika chini. Haipatikani. Nikapiga tena baada ya chakula cha mchana, haipatikani. Nikairudia barua yako, nikaelewa: umenipa namba ya droo. Hata unapoomba kuokolewa, ndugu yangu, unampa mwokozi ufunguo wa nyumba nyingine.

Kuhusu ombi lako, jibu ni hapana. Simu yangu hupokea wasionijua kutwa nzima, na siku ambayo ungenyamaza ningedhani umechoka kuniandikia. Sijui sura yako. Sijui jina lililo kwenye pasipoti yako, wala dawa unazokunywa, wala kovu ulilonalo. Mtu akipotea, hayo ndiyo maswali ya kwanza, na huulizwa mtu wa kwao.

Pole kwa upweke, naisema mara moja na naimaanisha. Kufungua dirisha na kukutana na hewa yako mwenyewe si jambo dogo. Lakini upweke ni mzigo wako, na uongo uliompa bwana wa usalama umewabebesha wengine. Siku ya daraja watu walikuwa wanaipigia droo, muda ambao wangeutumia kumtafuta anayejua njia. Na ndani ya gari hukuwa peke yako. Dereva alihesabu wanawake wawili akatulia, wakati maisha yenu nyote yalikuwa yameshikwa na mkewe tu. Ulimwacha ajifariji kwa mtu ambaye hayupo.

Nimeripoti kutoka nchi za namna hiyo kwa miaka mingi. Nimeona walinzi wenye bunduki wamelala, na nimeona magari yasiyopenya risasi yakikwama kwenye tope. Waliotafutwa mapema walikuwa wale ambao kwao palikuwa na mtu aliyeona kimya kimezidi, akaanza kupiga kelele.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo hii mpigie Bwana Tahadhari umwambie namba ile ilikuwa yako. Usipange maneno, na usingoje Jumatatu, maana ofisini kwenu nao wanasoma gazeti na afadhali alisikie kwako kabla hajajisoma hapa. Mtu anayenusa chai ataudhika sana, mwache audhike. Akikuzuia kusafiri, kubali. Chanjo zina haraka, lakini fundi akitekwa hakuna jokofu litakalopoa.

Kisha mwombe dereva namba ya mkewe. Huyo mama ameshafuzu mtihani ambao wengine bado hatujaufanya, na kuwa na watu wawili ni bora kuliko mmoja. Mwachie nakala ya pasipoti yako na njia mtakayopita, na mpatane neno la kawaida, tuseme kumsalimia shangazi, ambalo ukiliandika atajua kwamba unaandika huku umesimamiwa na wenye silaha. Safiri mchana tu. Njia ya kesho usimtajie mtu wa nyumba ya wageni, hata akiwa mkarimu. Hasa akiwa mkarimu. Mkikuta barabara imefungwa tena, dereva wako anajua kazi, mwache arudi nyuma taratibu na wewe mikono yako ionekane.

La dada yako nimelibakiza makusudi.

Unasema hukumjibu kwa sababu alikukejeli. Hebu isome tena. Mwanamke amesikia redioni habari ya daraja, akaitafuta namba ya mtu asiyesemezana naye, akauliza, “Uko hai?” Shirika lako zima linahangaika kukutafutia mtu wa kuuliza swali hilo. Yeye alishaanza kazi bila kuajiriwa, na namba aliyoiandikia ilikuwa ya droo.

Mpigie kesho, Jumapili, kwa simu unayotembea nayo. Habari ya msiba usiianze. Hiyo ni ya kwenda kukaa naye chini utakaporudi, na begi uliache kwako. Wewe jibu alichouliza. Mwambie niko hai, Jumanne naondoka, nitalala mahali fulani, giza likiingia hujapata neno langu mpigie bwana fulani. Atakutukana. Mwache amalize, usimkatize, halafu umsomee namba ya ofisi taratibu na umwombe airudie. Mtu mwenye hasira nawe kiasi hicho hasahau kuangalia simu.