Rupia ya Mjerumani

Mjukuu wangu Rukia,

Pokea salamu zetu kutoka Bondeni. Tu wazima, na bibi yako ameanza tena kutembea.

Unauliza kama uiuze sarafu niliyokupa. Ni rupia ya Mjerumani. Nilipokuwa kijana, baba alinituma kwa sonara wa Mji wa Kale aiyeyushe, afanye pete. Sonara aliiweka juu ya makaa. Ilipopata moto, upande uliofutika ukatoa sura ya mwanamume mwenye kofia ya chuma. Ilipopoa, sura ikatoweka.

"Mfalme wao huyo," akasema. "Pete ingoje, mwanangu. Sokoni sarafu husagika pande zote. Hii imesuguliwa upande mmoja, na kidole gumba kimoja. Nani kwenu alikuwa akimngoja mtu?"

Nikajua ni nyanya yangu, aliyefariki mwezi ule. Kaka yake alimletea rupia hiyo kutoka Tanga, kisha akachukuliwa kubeba mizigo ya vita na hakurudi.

Niliirudisha nzima. Baba aliipokea, na kabla sijamwambia lolote, kidole chake gumba kikaanza kusugua pale pale.

Ukitaka, iuze. Ila niambie kidole chako gumba kiko wapi unaposoma haya.

Babu yako