Meli za Uholanzi Ukutani

Lodwar, Ijumaa, 1975

Lori la samaki limefika kutoka Kalokol bila mume wangu, Baba Wekesa. Dereva aliniambia, "Ni upepo, mama. Yeye na wavuvi wenzake waliingia ziwani kutoka ufuo wa Longech, watakuja tu." Lakini hakunitazama.

Ile picha ya meli za Uholanzi kwenye dhoruba, iliyo ukutani kwetu, niliinunua mimi, ili mtoto ajue kazi ya baba yake majini. Niliona inapendezesha nyumba. Leo jirani yangu, Mama Ekai, aliingia kuomba moto, akasimama mbele ya picha.

"Hii maji iko na hasira. Unaweka ndani ya nyumba kwa nini?"

"Ni pambo tu, mama."

"Na hawa watu ndani ya meli, walifika?"

Nilicheka, kisha nikaisogelea picha. Sikuwa nimewaangalia wale watu. Ni wadogo kama chawa, wameng'ang'ania kamba.

Alipotoka nikaishusha. Wekesa akalia, akanyoosha mkono ukutani, "Baba, baba." Nikairudisha upesi.

Pengine hofu hii ni ujinga wangu. Asubuhi nitamfunga mtoto mgongoni tupande lori linalorudi Kalokol. Nikimkuta baba yake anashona nyavu, atanicheka. Nataka sana kuchekwa.