Mama Mkwe Akilala, Intaneti Nayo Hulala

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako na usinicheke, maana barua hii naiandikia kwenye kigoda nje ya mlango wa mama mkwe wangu, mahali ambapo mwanamume mwenye haya zake hapaswi kuonekana. Kazi yangu naifanyia nyumbani, napokea simu za wateja wa pampu za maji kwa njia ya intaneti, na ruta yetu iko chumba cha nyuma kwa sababu waya wa kampuni unaingilia dirisha la huko, nacho ndicho chumba tulichompa mama alipopasuliwa jicho akaja kuuguzwa kwetu. Asubuhi anapokaa ukumbini na miwani yake myeusi, mtandao unakwenda vizuri tu, akishakula chakula cha mchana akaingia kujipumzisha, akafunga mlango, mtandao unakufa, na jioni akitoka unafufuka, sasa Shangazi niambie, mtu anawezaje kulala na intaneti ikalala naye? Juzi nilimwambia mteja awashe pampu baada ya kufungua bomba, akasikia habari ya kuwasha tu, bomba likapasuka na ua wake ukawa bwawa, na msimamizi wangu amesema likitokea tena nitafute kazi nyingine. Nimenunua kifurushi kikubwa zaidi, wapi! Fundi wa kampuni alikuja jioni, mke wangu akamwingiza chumbani, akakuta taa zote zinawaka, akaniangalia kana kwamba kibovu ni mimi. Kuingia mwenyewe mchana siwezi, chumba cha mkwe ni chumba cha mkwe, basi nabeba kompyuta nasimama hapa mlangoni ambapo angalau nashika mtandao kidogo, na mama akisikia nyayo huuliza, "Baba, upo?" nami hujibu, "Nipo kazini, mama." Wiki hii nimekuta kigoda kimewekwa hapa, sijui na nani. Mke wangu ni fundi cherehani, hashindi nyumbani, na ana kesi yake nyingine kabisa, kila akirudi alasiri kupika hulikosa sufuria letu kubwa, jioni analikuta limerudi rafuni, na ananituhumu kwamba naoshea gari. Shangazi, hivi jicho lililopasuliwa linaweza kuvuta mtandao?

Mkwe wa Kizingitini

Jibu la Shangazi

Mkwe wa Kizingitini, pole kwa kazi iliyo hatarini, lakini kucheka nimecheka, tena sana. Jibu umeliandika mwenyewe kisha ukalipita, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Wewe unalia intaneti inapotea mchana, mkeo analia sufuria linapotea mchana. Kesi hizi mbili hamjazikalisha pamoja hata siku moja?

Mimi simo chumbani humo, na nikikosea niandikie unitukane. Lakini naona hivi. Mama jicho bado linamuuma, anafunga pazia apate giza, na mbele yake kuna kidude kinampepesea vitaa vya kijani. Kukizima anaogopa ataharibu mali ya mkwe. Kulalamika anaona haya, kwa kuwa ni mgeni kwako. Basi anakifunika sufuria, anapata usingizi wake, na akiamka analirudisha kimyakimya. Mtandao haupenyi sufuria, baba. Unachokishika hapo mlangoni ni makombo.

Nawe badala ya kubisha hodi ukauliza, umekwenda kununua kifurushi! Mficha uchi hazai. Heshima gani hiyo ya kumwogopa mgonjwa? Yeye anakuogopa wewe, wewe unamwogopa yeye, na kazi yako inakwenda na maji ya pampu.

Sasa sikiliza. Leo hii mkeo amwulize mama kuhusu zile taa, kwa upole, na sufuria asilitaje kwa sauti ya polisi. Kisha mwite fundi arefushe waya, ruta ihamie ukumbini, ikae juu ya rafu, si sakafuni, mbali na friji na kabati la chuma. Ipeleke karibu na unapofanyia kazi, maana kila ukuta unakula sehemu yake. Fundi akichelewa, ziba vitaa kwa kipande cha plasta nyeusi, mama alale na wateja wakusikie. Na mkeo akuombe radhi kwa habari ya gari.

Kimebaki kigoda. Hicho hakikujileta. Mama amekiburuta mwenyewe, na jicho lake lile, kwa sababu kila mchana anasikia nyayo zako zikisimama mlangoni, akadhani umekuja kumjulia hali. Anakuita, "Baba, upo?" nawe unamjibu uko kazini! Ruta ikishahama hutakuwa na haja yoyote ya kwenda pale mlangoni. Nenda hivyo hivyo. Kompyuta iache mezani, keti kwenye kigoda ulichowekewa, na akiuliza kama upo, mjibu, "Nipo, mama," uishie hapo.