Penina Alikuwa Kazini

Baba Qamara,

Duka nimelifunga, nimempeleka Penina hospitali. Ugali umo kwenye sufuria, maharage uyapashe moto. Mbuzi hawajanyweshwa.

Asubuhi alipanda ngazi kushusha katoni ya mafuta ya kupikia. Ngazi ikateleza, akaangukia mkono, ukapinda mpaka nikafumba macho. Na bado ananiomba msamaha kwa mafuta yaliyomwagika!

Tangu mwaka jana nakwambia tumsajili kwenye mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Ukanicheka: "Msichana mmoja tu, na duka lenyewe kama kabati." Haya, kabati limemvunja mkono.

Mama yake nimempigia, yuko njiani kutoka Kansay, atafikia hapo nyumbani. ~~Mwambie Penina alikuwa ametutembelea tu.~~ Hapana, huo mstari nimeukata. Mpe chai, mwambie ukweli: mwanawe aliumia akiwa kazini kwetu, hatukumsajili, na tutamuuguza mpaka apone. Ukiona aibu, mwambie anisubiri. Nitasema mwenyewe.

Mama Qamara