Jeneza la Katani Mlangoni kwa Mkwe Wangu

Mama Imakulata, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijafanya jambo jingine, maana kichwa kinachemka, na hapa Makorora kila ninayemweleza ananicheka au ananitukana. Jina langu Mselem, ni fundi seremala, liandike gazetini kama lilivyo, sina cha kuficha, mimi sijaua timu ya mtu.

Mama, mimi ni Katani Stars tangu tumboni, babu Katani, baba Katani, na sisi tawi la Makorora ndio tunaolijaza lile jukwaa la juani timu ikishinda au ikifungwa, na timu hii wewe unaijua, zamani wakubwa wa Dar wakija Tanga walikuja wameshika roho mkononi, leo tumeshuka daraja, tukashuka tena, tunacheza na timu ambazo hata majina yake tunayasikia siku ya mechi, halafu mwenyekiti wetu Mzee Hatibu anasimama mbele ya wanachama, kanzu imepigwa pasi, anatuambia lengo la msimu huu ni kutoshuka tena. Kutoshuka! Nikanyanyuka nikamuuliza, mzee, kuna mtu anaoa kwa lengo la kutoachwa tu? Watu wakacheka, yeye akasema vijana mna midomo, Katani ina wenyewe. Ina wenyewe kina nani? Kile kiwanja cha mazoezi wazee wetu wa mashamba ya mkonge walikifyeka kwa mapanga yao wakitoka kazini, leo kimegeuzwa cha kukodisha harusi, kila mwisho wa wiki maturubai na spika, vijana wanafanyia mazoezi ufukweni kwenye mchanga mpaka vifundo vya miguu vimevimba. Winga wetu Kristofa, mtoto wa Pongwe, mtu pekee aliyekuwa anatupa raha, kapelekwa timu nyingine katikati ya msimu na kocha mwenyewe kasikia redioni. Kocha akiuliza anafukuzwa, anakuja mwingine, naye akiuliza anafukuzwa. Sasa mwenyekiti kama huyo utamchekea?

Shida yangu ni kwamba huyo Mzee Hatibu ni mkwe wangu, Zuwena mke wangu ni binti yake wa kumzaa. Na Zuwena naye si wa kudanganywa kwenye mpira, alikua akibebwa mabegani na babaake kwenda uwanjani, kikosi cha zamani anakitaja chote mpaka wa akiba. Kristofa alipoondoka alikwenda Chumbageni kwa wazee wake, akamwambia babaake uso kwa uso, baba hapa umekosea, na akarudi akaniambia mzee ameanza kulainika, ati amesema suala la kiwanja atalileta mwenyewe kwenye mkutano mkuu. Mimi nikamwambia maneno ya sebuleni hayapandishi timu daraja. Nilikuwa nimechoka kusubiri, Mama, watu wote tawini walikuwa wamechoka.

Basi tukafungwa tena, nyumbani kwetu, na timu ambayo kipa wake alikuwa anacheka wakati mpira unaendelea. Tawi likakaa, tukaamua Katani imekufa na inastahili kuzikwa, na maiti apelekwe kwa aliyemuua. Rafiki yangu Hosea, mtoto wa milimani, akasema tugongomee mbao za makreti tu, yatosha kwa mzaha, nikamwambia yakhe, Katani haizikwi kwenye makreti. Nikalichonga jeneza mwenyewe, la wazi kama yale ya msikitini, miguu yake, vishikio vyake, nikalipiga msasa likawa laini, ndani tukalaza mpira mkuukuu, juu tukafunika bendera yetu ya kijani. Hosea akalitazama akasema, Mselem, hili si litaonekana la kweli? Nikamwambia ndiyo kazi ya fundi. Na nikawakataza watu kuimba, nikasema twende kimya, tupokezane mabegani kama watu wa mazishi, ili Hatibu aone haya. Tukatoka Makorora baada ya alasiri mpaka Chumbageni, njiani watu wanasimama, wengine wanavua kofia, wallahi ilikuwa kazi iliyopangika.

Kumbe mzee mwenyewe hayupo, amesafiri asubuhi ile kwenda Dar, na sisi hatukuwa na habari. Aliyetoka mlangoni ni mama mkwe, Bi Najat. Alikuwa anapiga simu ya mumewe tangu mchana haipatikani, na njia ya Segera unaijua ajali zake. Akaona watu kimya wamebeba jeneza la kijani wanaingia getini kwake, na mimi mkwewe niko mbele. Akaanguka pale pale kizingitini, akauangukia mkono, ukavunjika. Majirani wakaja mbio, wanawake wakapiga yowe, mmoja akawa anatandika mikeka. Alipozinduka akawa anavua bangili zake, za ule mkono mzima anazivua kwa meno, anaomba afunuliwe uso wa mumewe amwone. Mimi nikachanganyikiwa, nikaifunua ile bendera upesi nimtoe wasiwasi, nikamwonyesha, nikamwambia mama, ni mpira tu, ni mzaha. Kuna vijana nyuma wakacheka. Zuwena naye ndio alikuwa anafika kutoka sokoni, akayaona hayo.

Sasa sikiliza uonevu ulivyo. Mzee Hatibu karudi mzima, kaenda redioni na sauti ya majonzi, ati wahuni walitaka kumuua mkewe, na mji mzima unamwonea huruma, hakuna tena anayeuliza kiwanja wala Kristofa, kila kijiwe ni jeneza, jeneza, jeneza! Zuwena amebaki kwao. Amemtuma Mzee Idarusi, yule aliyekuwa mshenga wetu, aniambie harudi mpaka nikamwombe mamaake radhi mbele ya wale wale niliokwenda nao. Tawi nalo linasema nikilivuka lile geti nimenunuliwa, na mkutano mkuu ni Jumapili hii, mimi ndiye niliyechaguliwa kusema kwa niaba ya wote. Nikiomba radhi nimekubali nilikosea, na nikikubali nilikosea, Hatibu atasema hata kuhusu timu nilikosea, na timu sikukosea, Mama, timu sikukosea! Nifanyeje mke wangu arudi bila kumpigia magoti mtu aliyeiua Katani?

Mselem, Makorora.

Mama Imakulata anajibu:

Marahaba, Mselem. Jina lako nimeliandika kama ulivyotaka. Majina ya wanawake nimeyabadilisha, kwa sababu wao hawakuomba kuingizwa gazetini, kama ambavyo hawakuomba kuletewa jeneza.

Nianze na unalopenda kusikia. Kuhusu timu una haki. Baba yangu alikuwa mkata mkonge, na panga lake ni miongoni mwa hayo unayoyataja, alikuwa anatoka shambani mikono imechanika kwa miiba, anakwenda kufyeka kiwanja. Nikisikia leo watu wanacheza rusha roho pale na wachezaji wamefukuziwa mchangani, damu inanipanda mpaka kichwani. Mwenyekiti anayetangaza kwamba lengo lake ni kutoshuka hana timu kichwani, ana kiti tu. Na hao viongozi wanaosema Katani ina wenyewe wajue kwamba wenyewe ndio hao wanaochomwa na jua jukwaani. Hayo nayasema mimi kwa jina langu, na Mzee Hatibu akitaka kunijibu ofisi yetu anaijua.

Haya. Sasa kaa chini nikuambie lako.

Umeniandikia barua ndefu, mwanangu, na kwenye barua yote hiyo hakuna mahali umeniuliza mkono wa mama mkwe unaendeleaje. Umenieleza msasa. Umenieleza vishikio! Mwanamke amekuwa mjane mbele ya geti lake mchana kweupe, anavua bangili kwa meno aanze eda, anaomba auone uso wa mume wake, nawe unamfunulia mpira. Kisha unaniambia uonevu ni kwamba vijiwe havizungumzi habari za Kristofa. Ala! Ulitarajia wazungumze nini?

Na usijifiche nyuma ya kutojua kwamba mzee amesafiri. Hata angekuwepo, amekaa barazani anakunywa kahawa yake, kwetu sisi pwani jeneza haliendi kwenye nyumba ya mtu mzima wa afya. Mswahili unalijua hilo, na mimi Mkatoliki niliyezaliwa kambi ya mkonge nalijua. Hosea, mtoto wa milimani, naye alilijua, akakuuliza, ukamjibu kwa majivuno ya ufundi. Ungechukua makreti, watu wangeona makreti wakacheka, mngerudi Makorora salama. Ulitaka lionekane la kweli, na likaonekana.

Tena nikuambie umefanya nini kwa timu yako, maana naona hilo ndilo litakaloingia. Mzee Hatibu alikuwa ameshikwa pabaya. Hakuwa na jibu la kiwanja, hakuwa na jibu la winga. Alichokuwa anakihitaji ni watu wamwonee huruma, na asingekipata popote Tanga hii, mpaka wewe ukamchongea na kumbebea begani hadi kwake. Usishangae amekwenda redioni. Mwanasiasa yeyote wa mpira angekwenda.

Na liko kubwa zaidi. Katika kisa chako chote kuna mtu mmoja tu aliyemfanya huyo mzee arudi nyuma hata hatua moja, naye si wewe na tawi lako. Ni Zuwena. Alikwenda peke yake, akamwambia babaake umekosea, akarudi na ahadi ya kiwanja. Ukamwambia maneno ya sebuleni hayapandishi timu daraja. Hebu niambie, maneno yako ya jukwaani yamepandisha nini? Leo huyo binti hawezi tena kufungua mdomo kuhusu Katani, kwa sababu akimkosoa babaake ataonekana yuko upande wa waliompeleka mamaake hospitali. Umemziba mdomo mtu pekee aliyekuwa anasikilizwa. Bila shaka ndiyo maana amebaki kwao, si kwa sababu anampenda babaake kuliko anavyoipenda timu.

Unaogopa kwamba ukiomba radhi utakuwa umekubali kila kitu. Hapana. Kosa la jeneza ni lako na kosa la kiwanja ni la Hatibu, na hakuna aliyesema lazima yabebwe pamoja. Bi Najat hakumuuza Kristofa. Bi Najat hakukodisha kiwanja. Unamwomba radhi yeye, si mwenyekiti, na kama hao wenzako hawaoni tofauti, basi wasilalamike timu yao inaongozwa na watu wasioona mbali.

Kwa hiyo fanya hivi, na usinibadilishie. Mtafute Mzee Idarusi, ndiye aliyekupeleka kuposa na ndiye atakayekupeleka tena. Chukua Hosea na wote waliobeba, hasa hao waliocheka, hao watangulie. Msivae jezi, msipige picha, asije mtu wa redio. Mkifika, salimuni, kaeni chini, mwambie mama: nilikuja na mauti mlangoni kwako, nimekosa, nisamehe. Usiseme "lakini". Usitaje timu. Mzee Hatibu akiwa hapo na akitaka kukuchokoza kwa mpira, mpe shikamoo yake unyamaze. Usimuulize Zuwena anarudi lini. Na lile jeneza, kama bado liko karakanani, litengue leo, mbao zake usimtengenezee mtu kitanda.

Mama akisamehe, shukuru. Asiposamehe, shukuru vilevile, ukarudi tena siku nyingine na nyingine, na kila ukienda ulete maji, ulete kuni, ufanye kazi ambazo ule mkono uliovunjika hauwezi kuzifanya.

Na Jumapili mkutanoni usisimame kusema. Nasikia unavyoguna, lakini hutasimama. Ukinyanyuka wewe watu hawatasikia kiwanja, wataona bendera ya kijani inafunuliwa, na Hatibu atashinda hajasema neno. Mpe Hosea nafasi hiyo, ana akili ya kuuliza swali kabla mambo hayajaharibika. Na kama mtakuwa mmeshafika kwa Bi Najat, na Zuwena akaona sasa anaweza kusema bila kumwumiza mamaake, basi Hosea naye akae. Zuwena ndiye aliyeahidiwa na babaake. Amuulize mwenyewe mbele ya wanachama, nawe ukae nyuma kabisa umsikilize mkeo kwa mara ya kwanza.

Gazeti hili linafika Makorora asubuhi. Ukishasoma hapa funga karakana uende kwa Mzee Idarusi, yule mama ameshakungoja vya kutosha.